Mzaha Baina Yetu na Pongezi kwa Mwenzetu Aliyehitimu

 

Ndugu msomaji, kila inapokaribia siku ya mahafali mambo mawili huongezeka chuoni. La kwanza ni furaha, kwa sababu wapo wenzetu waliofika mwisho wa msahafu. La pili ni utani. Mwanafunzi aliyekaa muda mrefu kwenye Juzuu Amma huambiwa kuwa amepanga chumba Suratul Buruuj na kila mwezi analipa kodi. Aliyehitimu huulizwa kama kuanzia sasa atatoza pesa kwa anayetaka kumsalimia. Na yule aliyeanza alifu akiwa mtu mzima, mwenye mke na watoto, huambiwa na vijana wa miaka kumi kuwa alikuwa anasubiri ndevu ziote kwanza.

Wengi hucheka, na anayetaniwa naye hucheka. Lakini siyo wote. Mwalimu yeyote wa chuo anajua kuwa yupo mmoja ambaye hucheka pamoja na wenzake leo, kisha wiki ijayo haonekani, na mzazi akiulizwa husema mtoto amekataa chuo. Sababu yenyewe haisemwi. Ukichunguza taratibu utakuta siyo fimbo wala siyo ugumu wa herufi, bali ni jina alilopewa na wenzake. Mtoto ameacha kusoma Kitabu cha Allah kwa ajili ya jina! Ndiyo maana nimeona niandike juu ya mzaha unavyotakiwa kuwa kati ya watu wanaosoma pamoja, na namna ya kumpongeza mwenzetu anapofanikiwa.

MTUME (S.A.W) NA MZAHA

Wapo wanaodhani kuwa mtu wa dini ni lazima akunje uso. Hili si kweli. Imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Abu Hurayra (r.a) kwamba Sahaba walimuuliza Mtume (s.a.w) kwa mshangao kwamba na yeye huwatania, naye akawajibu kuwa ndiyo, ila hasemi isipokuwa kweli. Jibu hili ndilo msingi wa mlango mzima: mzaha umeruhusiwa, uongo haukuruhusiwa. Na katika Hadithi nyingine iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi ametoa onyo kali kwa mtu anayesema uongo ili tu awachekeshe watu.

Tazama mifano yake. Mtu mmoja alimwendea kuomba mnyama wa kupanda. Mtume (s.a.w) akamwambia kuwa atampandisha juu ya mtoto wa ngamia jike. Yule bwana akashangaa, atafanya nini na kitoto cha ngamia? Mtume (s.a.w) akamuuliza kama yupo ngamia asiyezaliwa na ngamia jike. Hakuna neno moja la uongo hapo, na mtu yule aliondoka na kicheko pamoja na kipando. Vilevile Anas (r.a) alikuwa na mdogo wake, Abu Umayr, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea. Kindege kilipokufa mtoto akahuzunika, na Mtume (s.a.w) akawa anamuuliza habari za kile kindege kwa maneno yenye vina, kama tunavyowabembeleza watoto wetu. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na wanavyuoni wametoa mafunzo mengi ndani yake. Mimi hupenda jambo moja: Mtume (s.a.w) alikijua kindege cha mtoto.

Lakini kisa ninachotaka tukikalie zaidi ni cha Zahir (r.a), alichokisimulia Anas na kupokewa na Ahmad na Tirmidhi. Zahir alikuwa mtu wa jangwani. Akija Madina humletea Mtume (s.a.w) zawadi za bara, na Mtume (s.a.w) humfungashia mahitaji anaporudi. Hakuwa mtu wa sura nzuri, na hili amelitaja msimulizi mwenyewe. Siku moja Zahir alikuwa sokoni anauza bidhaa zake. Mtume (s.a.w) akamjia kwa nyuma akamkumbatia bila kuonekana. Zahir akapiga kelele aachiwe, kisha alipogeuka na kumtambua akawa yeye ndiye anayejisogeza ili mgongo wake ushikamane na kifua cha Mtume (s.a.w). Hapo Mtume (s.a.w) akaanza kunadi katikati ya soko: ni nani atakayemnunua mtumwa huyu? Zahir akajibu kuwa akiuzwa yeye ataonekana bidhaa iliyododa. Mtume (s.a.w) akamrudishia kuwa mbele ya Allah yeye hakudoda, bali ana thamani kubwa.

Tuangalie lililotendeka. Kwanza, ulikuwa mzaha hasa, tena wa hadharani, sokoni. Pili, haukuwa na uongo, kwani kila mmoja wetu ni mtumwa wa Allah. Tatu, na hapa ndipo penye uzito, Zahir alipojitweza kwa sababu ya sura yake, Mtume (s.a.w) hakuchekea jambo hilo. Alilipindua palepale. Mzaha ulioanza kwa kumnadi mtu ukaisha kwa kumtukuza mbele ya watu walewale waliokuwa wakimwona kila siku na pengine kumpita tu. Sijui kama yupo mtu aliyewahi kupongezwa vizuri zaidi sokoni.

Sahaba nao walikuwa wakitaniana. Imo katika Al-Adabul Mufrad ya Imam Bukhari kwamba Sahaba wa Mtume (s.a.w) walikuwa wakirushiana vipande vya matikiti, lakini mambo yanapokuwa ya kweli wao ndio waliokuwa wanaume. (Vijana wasichukue Hadithi hii kuwa ni ruhusa ya kurushiana maganda ya machungwa darasani. Matikiti yale hayakurushwa wakati wa somo.)

UTANI SIYO DHIHAKA

Sisi watu wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa utani. Mchaga na Mpare ni watani, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na babu na mjukuu huitana mume na mke nyumba nzima ikacheka. Chanzo cha utani wa makabila hutajwa kuwa ni safari za misafara na vita vya zamani, ambapo watu waliopigana au waliopokeana njiani waliamua kumaliza chuki kwa kuchezeana maneno. Kwa hiyo utani wa asili ulikuwa ni mkataba. Kila upande unajua mpaka wake, na kila anayetania naye hutaniwa.

Lugha yetu yenyewe imetenganisha mambo haya. Tunalo neno mzaha, tunalo masihara, tunalo dhihaka, kejeli na stihizai. Anayefanya mzaha anacheka na mwenzake, na anayefanya dhihaka anamcheka mwenzake. Tofauti ni ndogo mdomoni, lakini moyoni mwa anayeambiwa ni kubwa kama Uhud. Nami siutaji Uhud bure. Abdullah bin Masud (r.a) alikuwa na miguu myembamba sana. Siku moja alikuwa juu ya mti akikata miswaki, upepo ukapeperusha nguo yake, watu wakaiona miguu wakacheka. Mtume (s.a.w) aliwauliza wanacheka nini. Waliposema ni wembamba wa miguu yake, akaapa kuwa miguu ile katika mizani ni mizito kuliko mlima Uhud. Imepokewa na Ahmad. Na huyu Ibn Masud ni mmoja wa wale wanne ambao Mtume (s.a.w) aliwataja kwa majina akawaambia watu wajifunze Qur'ani kutoka kwao. Basi mwanafunzi anayemcheka msomaji wa Qur'ani kwa sababu ya umbo lake, ajue ni kicheko cha namna gani anachokirudia.

Allah (s.w) katika Suratul Hujuraat, aya ya 11, amekataza watu kuwadharau wenzao, wanaume kwa wanawake, kwani huenda anayedharauliwa ni bora kuliko anayedharau. Kisha akakataza kutiana aibu na kuitana kwa majina mabaya. Sahaba Abu Jubayra (r.a) ameeleza kuwa sehemu hii ya majina ilishuka kwa watu wa kwao, Bani Salima. Mtume (s.a.w) alipohamia Madina alikuta kila mtu kwao ana majina mawili au matatu. Akawa anamwita mtu kwa moja ya majina hayo, na watu humwambia kuwa jina hilo mwenyewe humkasirisha. Yaani majina yale yalikuwa yamezoeleka mpaka mgeni akadhani ni majina ya heshima. Mambo haya hayako mbali nasi. Kuna watu wazima mitaani ambao hatuyajui majina yao halisi, tunayajua yale waliyopewa na wenzao chuoni miaka thelathini iliyopita.

Je, majina yote ya utani ni haramu? La. Ali (r.a) alikutwa amelala msikitini, shuka imemdondoka na mgongo umejaa vumbi. Mtume (s.a.w) akawa anampangusa na kumwita Abu Turab, yaani baba wa udongo. Imepokewa katika Bukhari kwamba Ali hakuwa na jina alilolipenda kuliko hilo. Abu Hurayra naye alijulikana kwa paka wake. Kipimo basi ni mwenyewe. Je, analipenda? Je, huitika kwa furaha hata mbele ya mama yake? Ikiwa unalisema akiwa hayupo na unalimeza anapoingia, jibu unalo.

Katika vyuo vyetu majina mabaya humwangukia zaidi asomaye kwa taabu, mwenye kigugumizi, au ambaye herufi ya dhadi imekataa kumtoka. Lau wenzake wangejua! Bibi Aisha (r.a) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w), na imo katika Bukhari na Muslim, kwamba aliye hodari wa Qur'ani yuko pamoja na Malaika watukufu, na yule anayeisoma kwa kukwama na kupata tabu ana ujira mara mbili. Kwa hiyo kijana anayemcheka mwenzake anayekwama anamcheka mtu ambaye hapo hapo anaandikiwa malipo mawili.

MZAHA ULIOHARIBU NA HABARI NJEMA ILIYOKIMBIZWA

Katika mwaka wa 9 Hijria, sawa na mwaka 630 Miladia, Waislamu walitoka kwenda Tabuk. Katika safari hiyo mtu mmoja aliketi na wenzake akawasema wasomaji wa Qur'ani kuwa hajaona watu wenye matumbo ya ulafi, ndimi za uongo na woga vitani kama hao. Alikusudia Mtume (s.a.w) na Sahaba zake. Awf bin Malik (r.a) alimkanusha palepale na kumwambia kuwa ni mnafiki. Habari zikafika, na aya za 65 na 66 za Suratut Tawba zikashuka. Mtu yule akawa anakimbia ameshika kamba ya ngamia wa Mtume (s.a.w), mawe yanamuumiza miguu, akisema kuwa walikuwa wakipiga soga na kucheza tu. Udhuru wake haukukubaliwa. Hapa ndipo penye ukuta. Kumtania rafiki kuwa amepanga chumba katika sura fulani, naye anacheka, huo ni utani juu ya mwendo wake. Hata hivyo mimi humshauri mwanafunzi atafute chumba kingine cha kumpangishia mwenzake, kwa sababu ulimi uliozoea kuzichezea sura unaweza siku moja kuigusa aya yenyewe, na huko hakuna mchezo. Imam Nawawi katika Al-Adhkar ameeleza kuwa mzaha unaokatazwa ni ule unaozidi na kudumu, kwani huufanya moyo kuwa mgumu na humshughulisha mtu asimkumbuke Allah.

Yapo pia yale ya kuficha viatu mlangoni, kuchukua kofia ya mtu au kumshtua aliyelala. Sahaba mmoja alisinzia safarini, mwenzake akaichukua kamba yake, akaamka kwa hofu. Mtume (s.a.w) akasema kuwa si halali Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Imepokewa na Abu Daud. Kandambili zirudi mahali pake.

Sasa, safari hiyo hiyo ya Tabuk ndiyo iliyotuachia somo kubwa la pongezi. Kaab bin Malik (r.a) alibaki nyuma bila udhuru, na yeye na wenzake wawili wakasuswa siku hamsini. Alfajiri ya hamsini toba yao ilikubaliwa. Mtu mmoja akapanda farasi kumkimbilia Kaab, mwingine akapanda mlima Salaa na kupaza sauti, na sauti ikawahi kuliko farasi. Kaab akamvua nguo zake mbili akampa mwenye sauti ile, na wallahi hakuwa na nyingine siku hiyo, ikabidi aazime za kuvaa. Watu wakamjia makundi makundi wakimpongeza. Alipoingia msikitini, Talha bin Ubaydillah (r.a) aliinuka akamjia mbio, akampa mkono na kumpongeza. Kaab anasema kuwa katika Muhajirina hakuinuka mwingine, na kwamba hakulisahau jambo hilo la Talha kamwe. Aliyetusimulia ni mwanawe, ambaye ndiye aliyekuwa akimwongoza baba yake baada ya kupofuka. Miaka imepita, macho yameondoka, lakini mzee bado anakumbuka ni nani aliyeinuka.

Kwa hiyo siku jina la mwenzako litakapotajwa, inuka. Usingoje mpaka uone wengine wameinuka.

NAMNA YA KUMSIFU

Huenda mtu akauliza: je, Mtume (s.a.w) hakukataza watu kusifiana? Mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele yake, naye akamwambia kuwa amemkata shingo sahibu yake, akarudia mara kadhaa. Kisha akafundisha kuwa asiye na budi kumsifu mtu aseme kuwa anamdhania hivyo, na Allah ndiye anayemjua hasa. Lakini yeye mwenyewe (s.a.w) aliwasifu watu mbele yao, kama alivyomwambia Ashaj wa kabila la Abdul Qays kuwa ana tabia mbili anazozipenda Allah, upole na kutofanya pupa. Wanavyuoni wameziunganisha Hadithi hizi kwa kusema kuwa katazo ni kwa sifa za kupindukia, au kwa anayehofiwa kuingiwa na kiburi.

Tazama alivyofanya kwa Salim (r.a), aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa huru. Bibi Aisha alichelewa usiku mmoja, akaeleza kuwa alikuwa akisikiliza usomaji ambao hajapata kusikia mfano wake. Mtume (s.a.w) akatoka mwenyewe kwenda kusikiliza, kisha akasema kuwa huyu ni Salim, na akamhimidi Allah aliyejaalia katika umma wake mtu kama huyu. Sifa ilikwenda kwa Allah, na Salim akapata heshima yake kamili. Na Ubayy bin Kaab (r.a) alipoambiwa na Mtume (s.a.w) kuwa Allah amemwamrisha amsomee yeye Ubayy Suratul Bayyina, aliuliza kama kweli ametajwa kwa jina. Alipoambiwa ndiyo, akalia. Msomaji wa kweli akisifiwa huwa hivyo.

Aidha usisahau kumwombea baraka. Amir bin Rabia alimwona Sahl bin Hunayf anaoga, akastaajabia ngozi yake, na Sahl akaanguka palepale. Mtume (s.a.w) akamkemea Amir kwa nini hakumwombea baraka. Basi ukimsikia mwenzako anasoma vizuri, sema Allah akubariki, kisha ndiyo umtanie kuhusu kanzu yake mpya ukitaka.

Limebaki suala la karamu, na hili nawaambia wazazi. Wapo wanafunzi waliokamilisha msahafu lakini wanachelewesha kuhitimu rasmi kwa sababu nyumbani hakuna pesa ya pilau, kanzu na zawadi ya mwalimu. Wapo hata wanaosoma polepole makusudi ili wasifike. Hii ni dhulma tuliyojiwekea wenyewe. Imepokewa na Darimi kuwa Anas bin Malik (r.a) alikuwa akikhitimu Qur'ani huwakusanya watoto wake na watu wa nyumbani kwake, akawaombea dua. Hakikutajwa chakula. Familia inaweza kuketi baada ya Alasiri, mtoto akasoma sura za mwisho, baba au mama akaomba dua, na tende zikapita. Mwalimu akialikwa atakuja, na asipoiona sinia ya pilau hatauliza iko wapi.

Wallahu aalam.